Mashine ya Espreso na Mtoto Mdogo Nyumbani Bukavu: Ipi Ichaguliwe na Iwekwe Wapi

Familia ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, iliyo na mtoto wa chini ya miaka 5 na inayotaka kujitengenezea espreso nyumbani ina vyombo vya aina tano au sita vya kuchagua, na wauzaji karibu wote huvipanga kwa bei na kwa idadi ya bari (kipimo cha shinikizo) zilizochapwa kwenye kasha. Ulinganisho huu unavipanga kwa maswali mengine mawili. La kwanza ni kiasi cha moto unaobaki katika chombo baada ya kikombe kujaa. La pili ni jinsi chombo kinavyofanya umeme unapokatika, kisha ukarudi wakati mtu mzima ameshatoka jikoni. Vitabu vya maelekezo vinavyotoka Italia au Ujerumani kwa kawaida haviligusi hili la pili, kwa kuwa vimeandikiwa watu ambao umeme wao haukatiki ovyo. Ila kwa mteja wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ndilo swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Niseme mapema ninakoelekea. Kwa nyumba nyingi zenye mtoto anayetambaa au anayeanza kupanda viti, ningechagua mashine ndogo ya umeme yenye kitufe cha kielektroniki, inayojizima yenyewe na isiyohifadhi maji mengi ya moto ndani. Baada yake ningeweka chombo cha kukandamiza kwa mkono kisichotumia umeme, kwa sharti la jikoni yenye mlango unaofungika. Mashine ya bei nafuu inayosukuma kahawa kwa mvuke ningeiacha dukani, na kafetiera (birika dogo la kahawa la kuweka juu ya moto) juu ya mbabula (jiko la makaa) iliyo sakafuni ningeikataa kabisa mpaka mtoto akue.

Kinachounguza

Maji ya espreso hupita kwenye kahawa yakiwa na joto la nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi, yakisukumwa na shinikizo la bari 9 hivi. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako maji katika sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Upungufu huo una faida kwa ladha, kama tutakavyoona, lakini haumwokoi mtoto kwa lolote. Maji ya nyuzi 60 tu yanatosha kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto, iliyo nyembamba, huungua upesi zaidi. Hapo ndipo jagi la maziwa yaliyopashwa kwa mvuke linapohesabika kuwa hatari, kwa maana maziwa ya nyuzi 60 hadi 65, ambayo mnywaji huyaona yako tayari kwa kikombe, bado yanaweza kumchubua mtoto kifua kizima yakimwagika.

Mvuke ni mbaya kuliko maji. Gramu moja ya mvuke inapogusa ngozi na kugeuka kuwa maji humwaga joto zaidi ya mara 8 ya lile linalotoka katika gramu moja ya maji ya moto yakipoa hadi joto la mwili. Tena pale unapochomoka mdomoni mwa mrija, mvuke wenyewe hauonekani. Ukungu mweupe tunaouona ni mvuke uliokwisha kupoa kidogo, sentimita chache mbele. Mtoto anayenyoosha kidole kuelekea ule ukungu huwa amekwisha kupita pabaya.

Kikombe chenyewe cha espreso, kwa upande mwingine, ni hatari ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kina mililita 30 na hupoa haraka, ingawa kikimwagika kingali cha moto bado kinaweza kumuunguza mtoto. Bilauri ya chai ya maziwa iliyojaa hadi juu na kuwekwa ukingoni mwa meza ni hatari zaidi kwa mtoto. Hofu kubwa ielekezwe kwenye chombo kinachotengeneza kahawa, na kwenye maziwa.

Mashine ya pampu: boila au themobloki

Mashine za pampu ndizo watu wengi humaanisha wanaposema mashine ya espreso, na kwa nje zote zinafanana: tangi la maji nyuma, mkono wa kichujio (unaobeba kahawa iliyosagwa) mbele, mrija wa mvuke ubavuni. Tofauti inayomhusu mtoto imo ndani. Mashine yenye boila huchemsha maji na kuyahifadhi, mililita 100 hadi 300 katika zile ndogo, na hadi lita 2 hivi katika zile kubwa zinazotoa mvuke na kahawa kwa wakati mmoja. Ukiizima, maji hayo hayapoi mara moja; chuma kizito cha boila hubaki na moto, na pengine na shinikizo, kwa muda mrefu, huku taa ikiwa imezimika na nyumba nzima ikiamini kwamba kazi imekwisha. Mashine ya themobloki haihifadhi maji ya moto. Maji baridi hupita katika mfereji mwembamba ndani ya kipande cha chuma kilichopashwa, hupata joto njiani, na pampu ikisimama hubaki maji kidogo tu. Kipande hicho nacho hukaa na joto, ila kimefichwa ndani ya kasha ambalo mtoto akilishika hatapata zaidi ya uvuguvugu.

Wanaoijua kahawa watasema kwamba boila hutoa joto lililotulia na mvuke wenye nguvu, kwa hiyo kikombe chake ni bora. Wanasema kweli. Tofauti hiyo ya ladha, hata hivyo, inaweza kusubiri hadi mtoto aanze shule.

Kuna mashine ya boila inayostahili kutajwa peke yake, nayo ni ile yenye kichwa cha E61, muundo ambao kampuni ya Faema ya Italia iliutoa mwaka 1961 na ambao bado unaigwa katika mashine za nyumbani za bei ya juu. Kichwa hicho ni pande la shaba lililopakwa kromu, lenye uzito wa kilo 4 hivi, limetokeza nje kabisa bila kifuniko chochote, na hukaa kwenye joto kali muda wote mashine inapokuwa imewashwa. Linang'aa, na kinachong'aa ndicho kinachoshikwa na mtoto wa mwaka mmoja. Sijui namna yoyote ya kuiweka mashine hiyo mahali pa wazi katika nyumba yenye mtoto anayetembea, na sioni haja ya kuitafuta.

Sasa tuutazame kwa karibu mkono wa kichujio, kwa maana upo katika boila na katika themobloki pia. Katika mashine zenye kichujio cha milimita 58 una uzito wa nusu kilo hivi, umetokeza mbele kama mpini wa sufuria, na hufungwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia. Meza ya jikoni ya kawaida ina kimo cha sentimita 90. Mtoto wa miaka 2 ana urefu unaokaribia huo, na akinyoosha mkono na kusimama kwa vidole hufika ukingoni na kupita kidogo. Ikiwa mashine imesogezwa mbele ili iwe rahisi kuitumia, mkono wa kichujio unaning'inia hewani juu ya paji la uso wake. Akiuvuta kushoto wakati pampu inafanya kazi, au mara tu baada ya kusimama, shinikizo lililobaki hutema tope la kahawa lenye joto la maji ya kuchemka pande zote. Mashine nzuri zina vali inayotoa shinikizo hilo na kulielekeza kwenye sinia ya matone mara pampu inaposimama; nyingi za bei nafuu hazina, na humlazimu mtumiaji kungoja kidogo kabla ya kufungua. Muulize muuzaji kuhusu vali hiyo. Asipojua, angalia mwenyewe: baada ya kahawa kutoka, mashine yenye vali hutoa mlio mfupi wa kufoka na kumwaga maji kidogo kwenye sinia.

Mrija wa mvuke hufunguliwa ama kwa kitufe ama kwa kifundo cha kuzungusha. Kifundo kinapendwa kwa sababu humpa mtumiaji uwezo wa kupima mvuke, lakini hakikumbuki chochote: kikiachwa wazi robo mzunguko wakati umeme umekatika, kitabaki wazi umeme utakaporudi na boila kuanza kuchemka. Kwa mji wetu ningechukua kitufe.

Mashine ya mvuke isiyo na pampu

Mashine hizi ndogo, zenye kizibo cha kuzungusha juu na jagi la kioo chini, ndizo za bei ya chini kati ya mashine za umeme na ndizo watu huletewa kama zawadi. Zinafuata kanuni ya zamani, ile ya mashine ambayo Luigi Bezzera wa Milano aliiandikishia hataza mwaka 1901: maji huchemshwa ndani ya chombo kilichozibwa, na mvuke unaojikusanya juu yake huyasukuma kupita kwenye kahawa. Shinikizo lake halifiki bari 9. Kwa kawaida ni 3 na nusu au 4. Mtu anaweza kudhani kwamba shinikizo dogo ni usalama mkubwa. Mambo yako kinyume. Katika mashine ya pampu, ukibonyeza kitufe pampu inasimama na mtiririko unakatika. Katika hii hakuna cha kusimamisha, kwani ukichomoa waya bado mvuke ulio ndani utaendelea kusukuma mpaka uishe wenyewe, na hakuna dirisha wala mshale wa kukuonyesha kwamba umekwisha. Mtu mwenye haraka anayetaka kuongeza maji kwa ajili ya mgeni wa pili hufungua kizibo kabla ya wakati, na kinachoruka hapo humpata yeye na yeyote aliye karibu na magoti yake. Mashine ya aina hii ikiwa imekwisha kuingia nyumbani, itumike mtoto akiwa amelala, ijazwe maji mara moja tu kwa siku, na kizibo kifunguliwe baada ya mashine kupoa kabisa.

Kapsuli, na mashine inayojifanyia kila kitu

Mashine ya kapsuli (kikasha kidogo chenye kahawa ya kikombe kimoja) ndiyo iliyofungika kuliko zote. Hakuna mkono unaotokeza, kahawa iliyolowa huanguka ndani ya kisanduku, na nyingi hazina mrija wa mvuke. Udhaifu wake ni urahisi wake wenyewe, kwa kuwa mtoto wa miaka 3 aliyemwona mama yake akibonyeza kitufe anaweza kukibonyeza pia, na hata bila kapsuli maji ya moto yatatoka. Dawa ni kumwaga tangi la maji baada ya matumizi na kuchomoa waya. Tatizo la pili halihusu usalama. Ni jambo la kusikitisha mtu kuishi karibu na kisiwa cha Idjwi, Kalehe na Kabare, ambako kahawa ya arabika inachumwa, halafu akanywa kahawa iliyofungiwa Ulaya ndani ya aluminiamu. Zipo kapsuli za kujaza mwenyewe zinazorudiwa kutumika, na kwa kahawa ya hapa zinafaa, ingawa kikombe chake huwa chepesi.

Mashine inayosaga, kukandamiza na kumimina yenyewe ina kisagio kilichofunikwa, ni nzito kiasi kwamba mtoto haivuti kirahisi, na baadhi ya aina zina kufuli la watoto. Ina tabia moja ya kujua: nyingi hujisuuza kwa maji ya moto zinapowashwa na zinapozimwa, bila kumngoja mtu. Maji hayo hutoka kwenye mdomo uleule wa kahawa, na mkono wa mtoto ukiwa pale, umekwisha. Kwa fedha inazogharimu, na kwa ugumu wa kupata vipuri vyake hapa, siioni ikiwa chaguo la familia nyingi.

Vyombo visivyotumia umeme

Hapa ulinganisho unageuka, kwa sababu hatari inahama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye moto.

Chombo cha kukandamiza kwa mkono kina silinda ndogo unayoijaza maji ya moto, mililita 40 hadi 70, kisha unashusha wenzo na kuyasukuma maji kupita kwenye kahawa kwa nguvu ya mikono yako. Ukiachia, shinikizo linakwisha hapohapo. Hakina waya, hakina boila, na umeme ukirudi usiku hakijui. Mwinuko wa Bukavu nao unakipenda, kwa kuwa maji yetu yanayochemka kwenye nyuzi 95 yako tayari kwa espreso bila kusubiri yapoe. Kwa chombo chenyewe, basi, hakuna kinachokishinda kwa usalama, isipokuwa kwamba ni kirefu, kinaweza kupinduka kikivutwa, na wenzo wake unamwita mtoto.

Lakini maji yametoka wapi? Yametoka kwenye birika. Birika la umeme lenye lita moja na nusu, na waya unaoning'inia, ni hatari kuliko mashine ya espreso iwayo yote iliyotajwa hapa, na mtu aliyenunua chombo cha mkono kwa ajili ya usalama kisha akachemsha birika zima ili atumie theluthi ya kikombe hajafanya lolote. Achemshe kile kiwango cha chini ambacho birika linaruhusu, au achukue maji kwenye chupa ya chai, ambayo iko karibu katika kila nyumba, mradi yawe yamechemshwa muda mfupi uliopita na chupa irudi mahali pa juu.

Kafetiera ya kuweka jikoni, ile ya pembe nane ambayo Alfonso Bialetti aliianzisha Italia mwaka 1933, hufanya kazi kwa bari 1 hadi 2 tu, na kahawa yake, ijapokuwa si espreso halisi, inawatosha wengi. Juu ya jiko la gesi lililowekwa mezani, kwenye kichomeo cha nyuma, mpini ukielekezwa ukutani, ni chombo kinachokubalika, hasa kwa sababu kinamlazimu mtu kusimama palepale kikichemka. Vali yake ndogo ya usalama iangaliwe mara kwa mara isizibwe na chokaa. Juu ya mbabula mambo ni mengine kabisa. Mbabula huwekwa chini, sakafuni au uani, kimo chake ni cha goti la mtoto, makaa hayasawazishi uso, na kafetiera yenye kitako chembamba hukaa imeinama. Anayetambaa, anayekimbiza mpira na kuku anayekimbizwa, wote wanaifikia. Wala moto wa makaa hauzimwi kwa kitufe pale mtoto mwingine anapolia chumbani.

Umeme ukirudi

Mashine za umeme zina swichi za aina mbili. Swichi ya kubofya inayobaki imelala upande mmoja hubaki hivyo hata umeme ukikatika. Ukirudi, mashine huanza kupasha moto yenyewe, iwe saa tisa mchana au saa nane usiku, awepo mtu au asiwepo. Kitufe cha kielektroniki, kile kinachobonyezwa na kurudi juu, katika mashine nyingi humaanisha kwamba umeme ukirudi mashine hukaa imezimika mpaka ibonyezwe tena. Kwa mji unaokatiwa umeme kama wetu, tofauti hii ina uzito kuliko nembo ya kampuni. Fikiria asubuhi ya kawaida: mama amewasha mashine, umeme umekatika kabla haijapata moto, amekasirika, amekunywa chai, ameondoka kwenda kazini Nyawera, na mtoto amebaki na dada yake mkubwa. Umeme unarudi saa nne. Mashine ya swichi ya kulala inawaka, boila inachemka, na hakuna aliye nyumbani anayekumbuka kwamba iliachwa hivyo.

Jaribio lake ni rahisi na lifanyike dukani: washa mashine, ingoje ianze kupata moto, chomoa waya kwenye prizi, hesabu hadi kumi, rudisha. Ikiwaka yenyewe, iachwe, au mnunuzi aapizane na nyumba nzima kwamba waya utachomolewa kila umeme unapokatika. Mimi siviamini viapo vya jikoni.

Kwa wanaonunua mashine zilizokwisha kutumika kutoka Ulaya, mwaka wa kutengenezwa unasaidia. Tangu tarehe 1 Januari 2015, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mashine za kahawa za nyumbani zinazouzwa huko zijizime zenyewe, na kwa zile za espreso muda wa juu ni dakika 30 baada ya kikombe cha mwisho. Iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kukaa na moto siku nzima. Zinazoletwa kutoka Dubai au Uganda huja na plagi ya pini tatu nene, ambayo haiingii katika prizi zetu bila kiunganishi. Kiunganishi cha pini mbili hukata njia ya ardhi, na kasha la chuma lenye hitilafu huweza kumpiga umeme anayeligusa, aghalabu mwenye mikono iliyolowa. Fundi abadilishe plagi na kuweka yenye ardhi. Ralonji (waya wa kurefushia umeme) isitumike: mashine hizi hula wati 1,000 hadi 1,500, na waya unaopita sakafuni ni kamba ya kuvutia mashine chini.

Jikoni, sebuleni, au kabatini

Katika nyumba za Ibanda, sehemu moja ya mji wetu, zenye jikoni ndani, swali ni la nafasi tu. Mashine ikae nyuma kabisa, mgongo ukigusa ukuta, hivi kwamba mkono wa kichujio uishie ndani ya ukingo wa meza kwa sentimita 20 au zaidi. Waya ufungwe mfupi nyuma yake. Kiti au bidoni (dumu) ya kupandia isikae chini yake. Kizuizi cha mlangoni kiwe cha kufungwa kwa skrubu kwenye miimo. Vile vinavyobana kwa msukumo tu husukumwa na mtoto wa miaka 2, na watoto wa jirani wakiingia kucheza watakuwa wawili wakisukuma.

Katika nyumba nyingi za Kadutu na Bagira upishi hufanyika nje, na mashine, ikiwa kitu cha thamani, hupewa heshima ya kukaa sebuleni juu ya bufe (kabati fupi la vyombo). Hapo kuna ubaya ambao hauko jikoni. Bufe ni fupi kuliko meza ya jikoni, na juu yake hutandikwa kitambaa cha kusuka kwa mkono, kilichoanguka mbele kwa uzuri. Mtoto akikivuta, mashine, vikombe na jagi la maziwa vyote vinamfuata. Anayechagua sebule aondoe kitambaa, au akitandike baada ya mashine kurudishwa kabatini. Ningependelea kabati la juu lenye mlango, kwa mashine ndogo ya themobloki au ya kapsuli, ambayo hutolewa kwa dakika chache na kurudishwa ikishapoa. Kwa mashine ya boila kabati ni wazo baya, kwa kuwa ni nzito na hukaa na moto, na mtu atachoka kuinua siku ya tatu.

Popote ilipo, mtoto asiwe mgongoni wakati mvuke unatumika. Tumezoea kufanya kazi zote tukiwa tumembeba kwa kitenge, na kwa kufagia au kupepeta maharage hakuna ubaya. Kwa mashine hii mkono wake hufika kwenye mrija upande ambao macho ya mama hayapo. Aketishwe mahali pa kuonekana, mbali kwa hatua mbili.

Yasiyo ya moto huchukua maneno machache. Buni zilizokaangwa zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Vidonge vya kusafishia mashine na tindikali ya kuondolea chokaa vifungiwe pamoja na dawa nyingine za nyumbani, tena visihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Masalio ya vikombe yamwagwe: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja mwaka 2015 kiwango cha miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku, yaani miligramu 36 kwa mtoto wa kilo 12, na espreso moja inaweza kuwa na 80.

Akiungua

Hapa vyombo vyote ni sawa. Ondoa nguo iliyolowa, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi, na umwagilie sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo barafu, kwa dakika 20. Bomba la REGIDESO, shirika la maji la Kongo, likiwa kavu, hakuna muda wa kuanza kutafuta. Kwa hiyo mwenye mashine aweke jikoni bidoni ya lita 20 iliyojaa maji safi, isiyochotwa kwa kazi nyingine, ambayo kwa kumwaga lita moja kila dakika inatosha kikamilifu. Bukavu ina baridi, basi sehemu nyingine ya mwili ifunikwe ili mtoto asitetemeke. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, yai na asali visipakwe. Funika kidonda kwa kitambaa safi kisichoshikamana, na umpeleke hospitali ikiwa kimezidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au kipo usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, au ikiwa ni mtoto mchanga, hata kama kidonda ni kidogo.

Nani achukue nini

Mwenye mtoto wa miezi 8 hadi miaka 3 na jikoni isiyo na mlango achukue kapsuli au themobloki ya kitufe, na aiweke kabatini. Mwenye mlango unaofungika, na asiyechoka kukandamiza, achukue chombo cha mkono. Atakunywa kahawa bora ya Kivu kuliko jirani mwenye mashine ya bei mara tatu. Asiyetaka kununua kitu, na anayo gesi mezani, kafetiera inamtosha. Mwenye boila tayari hana haja ya kuiuza, bali aiwashe alfajiri kabla mtoto hajaamka, autoe mkono wa kichujio na kuuweka kwenye beseni mara kahawa inapotoka, afungue mrija wa mvuke juu ya kikombe cha maji baridi mpaka mlio uishe, achomoe waya, na maziwa ayapashe kwenye sufuria ndogo.

Mtoto akifika miaka 6 au 7, akawa anaelewa neno moto na kulitii hata asipotazamwa, hesabu hii hubadilika, na boila huweza kurudi mezani. Ikiwa mdogo wake ameshazaliwa, ingoje.